Hoteli zetu zinataka promosheni ya gemu kwa watoto Desemba hii: lipi la kufanya na nini huharibika?

MasokoPwani

Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoifahamu kazi hii. Kundi letu lina hoteli nne: mbili Diani, moja Mombasa na moja Dar es Salaam, kila moja vyumba 80 hivi. Bodi imepitisha promosheni ya watoto wa miaka 6 hadi 12 kwa msimu wa sikukuu, na agizo lenyewe ni neno moja tu: gemu.

Wakala wa matangazo ameleta mapendekezo matatu. La kwanza, tujenge hoteli yetu ndani ya Roblox (jukwaa la gemu za mtandaoni), mtoto akusanye sarafu kisha aje kuzibadilisha na zawadi mapokezini. La pili, gemu ndogo ya kwenye kivinjari cha simu, inafunguliwa kwa msimbo wa QR uliopo chumbani. La tatu, tuweke PlayStation na Nintendo Switch vyumba vya familia na kuuza "kifurushi cha gemu".

Anataka pia tuchukue jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe, "tujenge orodha ya wageni wa kesho". Juu ya hapo kuwe na ubao wa washindi kwenye skrini ya mapokezi, na droo kila wiki ambapo mshindi anapata wikendi ya bure.

Maswali yangu: tuchague lipi, tuchukue taarifa zipi, droo inaruhusiwa, na Wi-Fi itahimili? Tuna wiki kumi.

SarafuYaPikseli

Mkuu, chukueni la pili, kisha lipunguzeni lifike nusu ya anavyolitaka wakala.

Nianze na Roblox kwa sababu najua ndiyo inayowapendeza wenye bodi. Jukwaa lile haliwaonyeshi matangazo watumiaji walio chini ya miaka 13, na nyinyi mnalenga 6 hadi 12. Mtajenga hoteli nzuri ya kidijitali, halafu hakuna njia ya kawaida ya kulipia watoto hao waione. Inayobaki ni kuwavuta kimyakimya, kitu kionekane mchezo kumbe ni tangazo. Walmart walifungua Universe of Play ndani ya Roblox Septemba 2022. Januari 2023 watetezi wa walaji Marekani wakapeleka malalamiko kwamba mtoto mdogo hawezi kutofautisha mchezo na tangazo pale ndani, na haikuchukua muda ikaondolewa. Kama Walmart na mawakili wake wote hawakuweza kuitetea, hoteli nne za pwani zitaiweza wapi? Tena Roblox inahitaji programu ipakuliwe na akaunti ifunguliwe, na wageni wa kutoka nje wengine wamezoea kuikuta imefungwa kwao: Uturuki iliifunga Agosti 2024, Qatar Agosti 2025.

Sasa gemu ya kivinjari. Vipimo vya kumpa msanidi ni hivi.

Isiwe na akaunti, isiwe na kuingia kwa nenosiri, isiombe ruhusa yoyote ya simu. Mgeni anaskani kwa kamera ya kawaida, ukurasa unafunguka, mtoto anacheza. Uzito wa kufungua mara ya kwanza usizidi MB 3: picha ziwe za WebP (muundo wa picha nyepesi), muziki uwe kipande kimoja kifupi kinachojirudia au usiwepo kabisa. Sauti izimwe hadi mtoto aguse kitufe. Vivinjari vyenyewe huzuia sauti kabla ya kuguswa, na wageni walio mezani kwenye kifungua kinywa watawashukuru. Phaser, zana ya kutengenezea gemu za kivinjari, inatosha kabisa kwa kazi hii. Msanidi mmoja na mchoraji mmoja wanaimaliza ndani ya wiki nne kama hakuna mtu anayebadilisha mawazo kila Ijumaa.

Raundi moja iwe sekunde 60 hadi 90. Vitufe visipungue pikseli 48 kila upande na viachiane nafasi, maana mtoto wa miaka 6 hagusi kwa ncha ya kidole, anagusa kwa kidole kizima. Maandishi yawe machache, Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, na maelekezo yote yaeleweke kwa picha hata asiyejua kusoma.

Hatua ziwe tano, kila moja ifunguliwe na msimbo wake uliopo sehemu tofauti ya hoteli. Akimaliza hatua, skrini inaonyesha mnyama: kasa, pomboo, kaa, pweza, mbega. Mtoto anamwonyesha mhudumu wa sehemu hiyo, anagongewa muhuri kwenye kadi ya karatasi. Kadi ikijaa, zawadi.

Kwa nini muhuri wa wino kwenye promosheni ya gemu? Kwa sababu alama zinazohesabiwa ndani ya kivinjari si za kuaminika. Mtu yeyote akifungua zana za msanidi kwenye kompyuta anatuma seva yenu alama 999,999, na watoto wa miaka 12 wanaolijua hilo si wachache. Mkifunga zawadi kwenye alama, siku ya tatu mtakuwa na mzazi mapokezini analalamika mtoto wake kaibiwa ushindi. Zawadi ifungwe kwenye kumaliza, na kumaliza kushuhudiwe na mtu.

Misimbo yenyewe: sentimita 3 kwa 3 ikiwa ya kuskani mkononi, na ikiwa ya ukutani tumia uwiano wa moja kwa kumi, yaani ya kusomwa kutoka mita 1 iwe sentimita 10. Kiwango cha kusahihisha makosa (uwezo wa msimbo kusomeka hata sehemu yake ikiharibika) kiwe Q, kwa sababu kadi zitachorwa kalamu na kumwagikiwa juisi. Laminesheni isiyong'aa, la sivyo mwanga wa jua unaficha msimbo. Anwani iwe ya tovuti yenu wenyewe. Msitumie huduma za bure za kufupisha anwani, zinaweza kufa katikati ya msimu au kumpitisha mtoto kwenye matangazo ya watu wengine. Chapisheni anwani hiyo kwa maandishi chini ya msimbo, na wahudumu wa usafi waangalie kila asubuhi kama kuna stika imebandikwa juu. Utapeli huo upo, na ni rahisi kuliko unavyodhani.

Kuhusu mahali pa kuweka misimbo, hapo msikubali mjadala na mbunifu wa wakala. Hakuna msimbo kando ya bwawa, ngazini, maegesho ya magari wala njia ya kwenda baharini. Mtoto mwenye macho kwenye simu na miguu yenye maji ataanguka tu. Iwekeni maktabani, bustani ya ndani ya uzio, mlango wa klabu ya watoto, mgahawani, na kwenye ramani ya kale ukutani kama mnayo.

Ratiba: wiki ya 1 na 2 michoro na karatasi, 3 hadi 6 kujenga, 7 kujaribu kwenye Android ya bei rahisi yenye RAM ya GB 2 na iPhone ya zamani, 8 kuchapisha, 9 kufundisha wahudumu. Ya 10 iacheni tupu. Itajaa yenyewe.

Bi_Faragha

Ndugu MasokoPwani, nakuja kwenye hiyo "orodha ya wageni wa kesho", maana ndipo pesa zenu zitakapopotelea.

Kenya, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi, kinataka uchakataji uwe kwa maslahi ya mtoto, na kinakutaka uwe na njia ya kuthibitisha umri na idhini hiyo. Kanuni za Jumla za 2021 zinakwenda mbele zaidi: kumchambua mtoto na kumwekea wasifu kwa ajili ya kumtangazia bidhaa kumepigwa marufuku. Anachokipendekeza wakala ndicho hicho hasa. Si suala la kuandika fomu vizuri.

Msifikiri ni sheria ya makaratasi tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tena sekta ya hoteli imo kwenye orodha ya wanaotakiwa kujisajili na Ofisi hiyo bila kujali ukubwa wa biashara. Angalieni cheti chenu kama bado kiko hai kabla hamjaanzisha jambo jipya. Kwa Dar, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake inafanya kazi.

Halafu kuna wageni wenyewe. Mkiuza Diani kwa Wajerumani kwa tovuti ya Kijerumani, GDPR, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inawafuata. Umri wa mtoto kuweza kujiamulia mtandaoni ni 16 kwa Ujerumani, 15 Ufaransa, 13 Uingereza. Marekani sheria yao ya watoto mtandaoni, COPPA, inawahusu walio chini ya 13, yaani kundi lenu lote. Epic Games, wenye Fortnite, walikubali Desemba 2022 kulipa dola milioni 275 kwa kosa la taarifa za watoto, na dola milioni 245 nyingine za kurudishia watu waliolipishwa kwa vitufe vya hila. Sisemi mtafikishwa huko. Nasema wakala wenu hajasoma.

Ushauri wangu: msichukue chochote kwa mtoto. Sifuri. Gemu aliyoieleza SarafuYaPikseli haihitaji jina, umri wala barua pepe, na ikijengwa hivyo kazi ya kisheria inapungua sana. Mwambieni msanidi aondoe pia vihesabio vya watu wengine: vya Google, vya Meta, vyote. Wasanidi wengi huviweka kwa mazoea, na anwani ya IP na kitambulisho cha kifaa ni taarifa binafsi pia. Seva yenu ihesabu ukurasa umefunguliwa mara ngapi kwa siku, basi. Mzazi mnaye tayari kwenye kitabu cha wageni, yeye ndiye wa kuandikiwa ofa kama alikubali kuandikiwa.

Nyuma ya kadi andikeni hivi: "Gemu hii haiulizi jina, umri wala picha ya mtoto, haina ununuzi ndani yake, na haihitaji kupakua chochote. Ni sehemu ya matangazo ya hoteli." Sentensi ya mwisho msiiondoe.

Ubao wa washindi mapokezini: hapana. Wakala ataweka "Aisha, miaka 8, chumba 214" kwa sababu inapendeza kwa macho. Mtu yeyote anayepita mapokezi sasa anajua jina la mtoto, umri wake na mlango anakolala, na anaweza kumwita kwa jina. Kama lazima ubao uwepo, gemu itoe jina lenyewe kutoka orodha iliyofungwa, kama Kasa 12 au Pomboo 7, na mtoto asiweze kuandika herufi hata moja.

Droo: mchezo wa bahati wenye zawadi ya thamani unahitaji kibali, Tanzania kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, Kenya kwa mdhibiti wa kamari ambaye sheria yake ni mpya ya 2025, kwa hiyo msitumie fomu za zamani. Na kuomba kibali cha bahati nasibu ya watoto wa miaka 6, mtaieleza vipi? Kila anayemaliza apate zawadi ileile. Hapo hakuna bahati, hakuna droo.

MasokoPwani

Asante sana dada. Wakala anajibu kwamba kisanduku cha "mimi ni mzazi na nimekubali" kinatosha, hoteli zote zinafanya hivyo.

Bi_Faragha

Kisanduku kinagongwa na mtoto mwenyewe ndani ya sekunde moja. Wamarekani wakisema idhini inayothibitika wanamaanisha fomu iliyosainiwa, muamala wa kadi, simu au video na mtu aliyefunzwa, au kitambulisho kilichokaguliwa. Nyinyi mna bahati ambayo makampuni ya mtandaoni hayana: mzazi anasimama mbele yenu akiwa na pasipoti mkononi. Mkihitaji idhini kwa jambo jingine, mfano picha za klabu ya watoto, iwe karatasi yake peke yake, iwe na saini yake peke yake, na kukataa kusimnyime mtoto kucheza. Msiichanganye na fomu ya kuingilia chumba.

FundiSwichi

Nimesoma juu, hakuna aliyejibu Wi-Fi.

Hesabu ya haraka. Vyumba 80, vifaa vitatu kila chumba, ni 240. Ongeza runinga, simu za wahudumu na mashine za malipo. Kama mtandao wa wageni umewekwa kwa mafungu ya kawaida ya anwani 254 (namba ambayo kila kifaa hupewa mtandaoni), umekwisha. Na kama muda wa kukodisha anwani, yaani muda ambao kifaa kinaishikilia, ni saa 24, wageni walioondoka asubuhi bado wanazishikilia, wapya wa saa nane wanaona Wi-Fi imejaa mistari lakini haifunguki. Watu huongeza kasi ya intaneti kwa mtoa huduma, wakati tatizo ni anwani. Panueni fungu la anwani hadi ukubwa wa /22, mnapata 1,022, na muda wa kukodisha uwe saa 4.

Ukurasa wa kuingilia Wi-Fi ndio utakaoua gemu kimyakimya. iPhone ikigusa mtandao wenye ukurasa huo inafungua dirisha dogo ambalo si Safari. Mtoto akichezea humo, dirisha likifungwa maendeleo yake yote yanapotea, na hatua alizomaliza zinarudi sifuri. Tiba: wekeni anwani ya gemu kwenye orodha inayoruhusiwa kabla ya kuingia, na ukurasa wa kuingilia usiwe na kiungo cha gemu kabisa. Gemu ifunguliwe kwa QR tu, baada ya Wi-Fi kukubali, au kwa data ya simu. Gemu ya MB 3 haimuumizi mtu.

Kuta za matofali ya matumbawe zinameza sana mawimbi ya GHz 5. Msipime nguvu koridoni, pimeni kitandani mlango ukiwa umefungwa.

Kuhusu pendekezo la tatu, PlayStation na Switch, nitakuambia kazi inayokuja nayo, uamue mwenyewe.

Runinga za hoteli huwa zimefungwa ili mgeni asibadilishe chanzo. Kwenye Samsung nyingi za hoteli menyu ya siri ni Mute, 1, 1, 9, kisha Enter. Ruhusuni tundu moja la HDMI (la kuunganisha kifaa na runinga), wekeni kikomo cha sauti, na mwambie runinga ikiwashwa irudi kwenye chaneli, la sivyo mgeni asiyecheza anawasha anakuta skrini nyeusi na anapiga mapokezi. Wekeni waya wa nyongeza wa HDMI uliofungwa ukutani. Tundu la runinga likivunjika mnabadilisha bodi nzima ya saketi.

Masasisho: gemu ya PS5 ya GB 50, kwa kikomo cha Mbps 5 kwa kila kifaa, ni saa 22 za kupakua. Familia ya usiku mmoja itaondoka bado inasubiri. Pakueni ofisini kwa waya, chomekeni chumbani zikiwa tayari. Pedi za kuchezea ziwe za waya. Zile za Switch vijiti vyake vinajulikana kwa kuanza kusogea vyenyewe, na chumvi ya hewa ya Diani haisaidii. Akiba ni pedi moja kwa kila nne.

Mgeni ataingia na akaunti yake na kusahau kutoka. Anayefuata anakuta jina, marafiki, na pengine kadi ya benki ya mtu. Kufuta wasifu kila chumba kinapoachwa ni dakika 10 zaidi kwa mhudumu wa usafi ambaye chumba kizima amepewa dakika 30. Nani atamwongezea hizo dakika? Ndiyo maana haifanyiki. Kwenye akaunti ya hoteli msihifadhi kadi kamwe, na kikomo cha matumizi cha akaunti ya mtoto kiwe sifuri.

Pia masharti ya Nintendo ni ya matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Kuuza kifurushi ni biashara. Mnahitaji ruhusa ya maandishi, na kuweka Mario, mhusika wao, kwenye bango ni ruhusa nyingine tena. Hoteli za MIMARU za Tokyo na Kyoto zenye vyumba vya Pokémon zinafanya hivyo kwa makubaliano na wenye mali.

Na umri: Fortnite ni PEGI 12 (PEGI ni alama ya Ulaya ya umri unaofaa kwa gemu). EA Sports FC 24 ilipewa PEGI 3, ilhali ndani yake mna pakiti za kulipia ambazo hujui utapata mchezaji gani. Alama ile ya 3 inazungumzia picha, haizungumzii pochi ya baba.

KatrijiYaZamani

Wazo la tatu lilishafanywa kwa ukubwa ambao wakala wenu hawezi kuuota. Kampuni ya LodgeNet ya Sioux Falls, South Dakota, ilianza kuweka Super Nintendo vyumba vya hoteli Marekani mwaka 1993, kisha zikaja Nintendo 64 na GameCube. Chumbani hapakuwa na katriji (kasha la gemu) ya kuiba. Gemu zilikaa kwenye mtambo wa hoteli, mgeni alichagua kwenye menyu ya runinga, pedi ikiwa imefungwa kwa waya. Bei ilikuwa karibu dola 7 kwa saa, moja kwa moja kwenye bili ya chumba. Pedi mkononi mwa mtoto, bili jina la mzazi: biashara yote ilisimama hapo.

Ilikufa wageni walipoanza kuja na skrini zao mfukoni. LodgeNet iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2013 na ikatoka na jina jipya, SONIFI. Watoto wa leo wanakuja na Switch yao begini. Wanachotaka kwenu ni tundu la HDMI linalofanya kazi na soketi karibu na runinga. Tangazeni hilo, ni bure.

MezaYaMbele

Mmeongea teknolojia vizuri, lakini promosheni za namna hii huanguka mezani kwa mapokezi. Ongezeni haya.

Zawadi isitolewe mapokezini. Saa tatu na nusu hadi saa tano asubuhi watu wanafunga bili, saa nane hadi kumi wanaingia. Watoto sita wenye kadi katikati ya foleni hiyo, na basi la watalii limeshafika nje, mhudumu atawaambia "njooni baadaye" na promosheni imekufa. Itolewe klabu ya watoto, saa kumi hadi kumi na mbili jioni, mzazi akiwepo.

Aiskrimu msiiweke kabisa. Hoteli za Diani wageni wengi wamelipia kila kitu, aiskrimu wanakula bure tangu siku ya kwanza. Utampa mtoto zawadi ya kitu alichokula mara tatu leo? Zawadi iwe kitu kisichomo kwenye kifurushi: dakika 30 jikoni na mpishi kusukuma chapati, kofia ndogo ya mpishi akae nayo, au mfuko wa kitambaa cha kikoi. Kinyago kidogo cha mti ni sawa. Makombe ya bahari na matumbawe hapana, yanaweza kumletea mgeni matatizo uwanja wa ndege. Wala msifunge zawadi kwenye mfuko wa plastiki: Kenya umepigwa marufuku tangu Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Jikoni muulizeni mzazi kuhusu mzio kabla mtoto hajashika unga, karanga au mayai.

Idadi. Vyumba 80 vikijaa asilimia 70 ni 56. Tuseme asilimia 40 ni familia, ni 22, watoto wawili kila moja, 44 kwa wakati mmoja. Wakikaa usiku tatu kwa wastani, mnapata watoto wapya kama 15 kwa siku. Sita kati ya kumi wakimaliza kadi, ni zawadi 9 kwa siku. Zawadi ikiwagharimu Sh300 za Kenya, ni 2,700 kwa siku, 81,000 kwa siku 30, hoteli moja. Wekeni namba zenu halisi humo kabla ya kusaini chochote. Darasa la chapati lichukue watoto wanane, kwa hiyo siku za Krismasi mnahitaji mawili.

Jambo ambalo hakuna anayelikumbuka: fungueni akaunti ya promosheni kwenye mfumo wa mauzo kabla ya siku ya kwanza. Unga, mafuta na kofia zikitoka stoo bila mahali pa kuandikwa, mwisho wa mwezi zinaonekana upungufu, na mwenye kuulizwa ni mpishi au mhudumu. Akishaulizwa mara moja hatagonga muhuri tena.

Mihuri iwe ya maumbo tofauti kwa kila hoteli na ikae na msimamizi wa shifti, isiachwe mezani. Wafundisheni wa usiku pia. Ukurasa mmoja, picha ya kadi iliyojaa na ya kadi bandia, basi.

Dar ni mji wa wafanyabiashara, katikati ya wiki hamna watoto. Fanyeni Ijumaa hadi Jumapili. Na Desemba si msimu wenu pekee: shule za Kenya zinafunga pia Aprili na Agosti, Tanzania Juni, Wazungu Julai na Agosti. Jengeni gemu isiyo na theluji wala Baba Krismasi ndani yake, itawatumikia mwaka mzima kwa kubadilisha kadi tu.

MasokoPwani

Nimeelewa. Tunakwenda na la pili, bila orodha, bila droo. Swali la mwisho: bila kuchukua taarifa za watoto, bodi nitaionyesha nini kuwa imelipa?

MezaYaMbele

Namba tatu. Kadi ngapi zimetolewa mkiingiza wageni, ngapi zimerudi zimejaa, na vyumba vingapi vimewekwa kwa msimbo wa bei uliochapishwa nyuma ya kadi. Msimbo huo uwe wa mzazi, tofauti kwa kila hoteli, utumike kwenye tovuti yenu tu, sio kwa mawakala wa kuuza vyumba wanaokata asilimia. Uwe na tarehe ya mwisho, mfano 30 Aprili, ili mpate jibu kabla ya bajeti ya msimu unaofuata.

Kadi zikirudi chini ya tatu kwa kumi, angalieni hatua gani haina mihuri. Mara nyingi ni moja tu, na mara nyingi msimbo wake uko mahali ambapo Wi-Fi haifiki au mhudumu wa pale hakupewa muhuri. Hamisheni msimbo siku hiyohiyo.

Kwa Diani na Mombasa chapisheni kadi 500 kila hoteli kwa mwezi wa kwanza, Dar 150. Karatasi ya gramu 300 isiyong'aa. Inayong'aa haishiki wino wa muhuri, inapaka vidole vya watoto na mashuka ya chumba.